Maziwa ya Siku Tatu

Gisenyi, 8 Januari 2024

Mama Nasrine,

Salamu. Barua hii ataileta Mbabazi, mchuuzi wa nyanya anayevuka kivuko cha Petite Barrière kuja huku kila asubuhi na kurudi Goma kabla mpaka haujafungwa saa tisa alasiri. Ningekuja mwenyewe, lakini pasi yangu ya Tanzania imekwisha muda wake, na wanaovuka kwa kitambulisho kitupu ni wenyeji. Mimi si mwenyeji. Nimeishi katika mji huu miaka ishirini na sita, nimemzika mume hapa, na majirani bado wananiita mukecuru wa Tanzania, yaani yule bibi kizee wa Tanzania. Simu siipendi. Neno la simu kila mtu hulikumbuka kwa namna inayomfaa.

Mwanangu Habib anataka kumwoa binti yako. Unamjua: ni fundi cherehani wa pale karibu na soko, ambaye binti yako humletea vitenge kutoka Goma. Ni mtoto wangu wa pekee. Nilimzaa nikiwa na miaka thelathini na minane, baada ya kuzika wawili. Baba yake, marehemu Saidi Kimenyi, alifariki miaka tisa iliyopita, kwa hiyo maneno haya yananiangukia mimi.

Sipendi kuanza undugu kwa kuficha. Habib nilimkatalia mara tatu. Nilimwambia kwamba mama wa msichana si wa dini yetu. Nilimwambia kwamba msichana amelelewa sokoni. Nilimwambia pia kwamba anazungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe, nami nimefundisha lugha hii miaka thelathini na sitaki wajukuu wa kurukaruka. Habib hakubishana. Aliacha kula mezani pangu siku kumi na moja. Nimekubali basi, kama mtu anavyokubali kung'olewa jino.

Naomba unijibu kwa maandishi: ukoo wenu ni upi, binti yako alizaliwa lini na wapi, na kama Jumamosi ya tarehe 10 Februari itakufaa ili wazee wetu waje kuposa.

Ni mimi,
Tausi Mrisho


Goma, 15 Januari 2024

Mama Habib, Mwalimu,

Jambo sana. Barua yako imefika. Mbabazi aliniambia: «Soma ukikaa, iko nzito.» Mi nimesoma nikikaa, juu kusimama siwezi. Moto, ile pikipiki ya taksi, ilinigonga pale Birere mwezi wa kumi na moja, mpaka leo mguu iko ndani ya plasta. Bila ile, ningevuka mimi mwenyewe, tungeongea uso kwa uso na kikombe ya chai katikati.

Unasema mutoto wangu anasema Kiswahili sawa vile mutu anaruka mawe. Bon. Tulicheka. Nasrine alicheka kupita mimi. Lakini mawe ya huku kwetu ni ya volkano, Mama. Usiporuka, unaungua.

Sasa mi nakuuliza: haunikumbuke?

Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, mulima ilipasuka, moto ikashuka mpaka ndani ya mji. Sisi wote tukakimbia kwenu Gisenyi na miguu. Mi nilikuwa na mutoto ya miezi mbili mugongoni. Bwana yangu Ramazani alikuwa mbali, Kisangani. Nikaanguka mbele ya nyumba moja nyuma ya musikiti, mulango ya bluu. Nilikuwa na homa, maziwa ilikauka. Mwanamuke murefu akatoka. Nikamwambia: «Mutoto iko na njaa.» Akanijibu: «Mtoto ana njaa.» Mi niko nakufa, yeye ananisahihisha! Lakini palepale akamutwaa mutoto, akakaa chini, akamupa titi.

Ni wewe. Habib aliponiambia nyumba iko nyuma ya musikiti, na mama yake anasahihisha hata batu wanaomusalimia, roho yangu ilijua. Siku tatu, Mama, muchana na usiku. Habib titi moja, wangu titi ingine. Wangu aliacha kulia, akanenepa mbele ya macho yangu. Uliniuliza jina yake nikasema Uwera. Ilikuwa jina ya ubatizo, nilimubatiza mwenyewe. Ramazani aliporudi akasema mutoto wa Mwislamu ni Mwislamu, akamupa Nasrine. Ndiyo maana haukujua.

Natuma kile kisweta ulimuvalisha siku ya kurudi. Vifungo tatu vya muti, mikono mirefu kushinda mutoto. Nimeichunga miaka ishirini na mbili.

Ona kazi ya Mungu. Alishaanza hii harusi zamani, sisi tunakuja tu kumaliza. Tarehe 10 ni sawa kabisa.

Mama mwenzako,
Verediane


Goma, 1 Februari 2024

Mama Habib,

Wiki mbili sasa. Mbabazi anaapa alikutilia barua na sweta mukononi. Kila siku anavuka, kila siku namuuliza, anainua tu mabega.

Muko bagonjwa? Ama ni sweta ilikuchukiza? Haikuwa kurudisha deni, ilikuwa shukrani.

Kaka yangu alishalipa viti mia moja. Nasrine anashona rinda yake, hataki Habib aione. Zimebaki siku tisa. Andika hata mustari moja.

Verediane


Gisenyi, 3 Februari 2024

Mama Nasrine,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta njia ya kukwepa ninayotaka kukuandikia, na sikuipata.

Sweta ile niliifuma mwenyewe, kwa ajili ya Habib, nikakosea kipimo cha mikono. Nilipoifungua niliijua kabla sijamaliza kuikunjua. Nilimkumbuka mtoto pia. Alikuwa na kovu dogo la moto juu ya kisigino. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikimwita Uwera katika dua zangu, nikidhani huenda alikufa.

Wewe hukuzaliwa katika dini yetu, nami sikulaumu kwa kutokujua. Kwetu sisi, mtoto akinyonya kwa mwanamke asiyekuwa mama yake, mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili, huyo amekuwa mwana wa mwanamke yule. Watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake. Haolewi na kaka yake wa titi, kama vile asivyoolewa na kaka yake wa tumbo. Jambo hili halina kafara, wala halina mzee wa kuliombea ruhusa.

Wewe mwenyewe umeandika: siku tatu, mchana na usiku.

Kwa hiyo Nasrine ni dada yake Habib. Tarehe 10 haitakuwepo. Mwambie binti yako kwa maneno yako, nami nitamwambia mwanangu. Nakupa siku tatu, ili wasikie siku moja na asiwepo wa kumtangulia mwenzake kwa simu.

Nisamehe kwa kukujibu shukrani kwa habari hii.

Tausi Mrisho


Goma, 5 Februari 2024

Mama Habib,

Nimesoma. Sikumupa Nasrine asome.

Nisikilize. Ile nyumba tulikuwa wangapi? Bwana yako alikuwa anafungia duka, batu wengine walikuwa wamelala kwa baraza na mavi ya mbuzi. Nani aliona? Mi na we. Nani alihesabu? Hakuna. Basi sema ilikuwa mara mbili. Sema ulimupa maziwa ya kopo. Mungu si karani, Mama, hakai pale na kalamu. Yeye ndiye alimuleta mutoto kwa mulango yako, atakuazibu juu ulimulisha?

Ramazani angekuwa hai angenieleza hii sheria mapema, na mi ningefunga mudomo. Nilifungua juu ya furaha.

Unajua tunaishi namna gani huku. Mabomu ya upande wa Sake tunaisikia tukiwa tunapika. Mi nilikuwa nasema: mutoto wangu moja atalala upande yenu, nyuma ya musikiti, mulango ya bluu. Ulimuokoa mara moja. Hii ni mara ya pili nakuomba.

Choma barua yangu. Choma na sweta. Mi nikiulizwa nitasema nilikimbilia Kanzenze kwa shangazi, sikukuona hata siku moja.

Na kama hautaki, basi jua vile nitawaza. Ulimukataa mutoto wangu mara tatu na akili yako. Sasa umepata ya ine, na hii umemupa Mungu akusemee.

Verediane


Gisenyi, 8 Februari 2024

Mama Nasrine,

Sikuichoma. Nilikaa jikoni na barua yako ya kwanza na kiberiti, jiko la mkaa mbele yangu, mpaka maji ya chai yakakauka sufuriani. Ningeweza kuichoma karatasi. Lakini kila siku ningewaona wakila sahani moja, nami ningejua.

Habib aliisoma juzi. Aliisoma akiwa amesimama, sindano za kubania nguo bado zimechomekwa kifuani mwa shati lake. Aliniuliza swali moja tu: mara ngapi? Nilimjibu kwamba sikuhesabu, lakini hazipungui ishirini. Jana tulikwenda pamoja kwa shehe. Nilimwekea barua na sweta mezani. Alisoma, akaniuliza nilichoulizwa na mwanangu, nami nikajibu nilichomjibu mwanangu. Hakuchukua muda. Alimshika Habib bega, akamwambia: «Mshukuru Mungu kwamba mmejua kabla.» Habib hakushukuru.

Hukumu ndiyo hiyo. Viti virudishwe.

Kuhusu maneno yako ya mwisho, sina la kukujibu.

Tausi Mrisho


Goma, 3 Machi 2024

Mwalimu,

Viti vilirudi. Rinda haikurudi, iko pale kwa musumari, mukono moja haina.

Habib alikuja mara moja, tarehe 11. Walikaa na Nasrine nje kwa mawe, mbalimbali, sawa batu wanangoja gari. Akaniaga kwa heshima, akaniita Mama. Akasema anaenda, hakusema wapi. Nilifikiri atakuambia wewe. Mbabazi anasema hata wewe unamuuliza.

Nasrine hakulia mbele yangu. Aliuliza kitu moja tu: «Kwa ile sheria yao, yule mukecuru ni mama yangu?» Nikamwambia ndiyo vile ameandika. Akaenda sokoni.

Basi sikia. Sheria yako imenitwalia bwana wa mutoto, na imekupa wewe mutoto. Mutoto analishwa. Usifikiri kazi yako ilikwisha ile siku ya tatu.

Usiniandikie tena.

Verediane


Ujiji, 20 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nipo Ujiji kwa Mjomba. Cherehani nimeiweka barazani kwa marehemu Bibi, pale ulipokuwa ukikaa kusoma ulipokuwa msichana, kama wanavyonisimulia. Nashona sare za shule. Watu hapa wanasema nazungumza kama kitabu, nami nawaambia nililelewa na kitabu.

Sikukuaga kwa sababu ningekuaga vibaya.

Nimetafakari miezi mitatu. Hukumu ya shehe naikubali. Nimeuliza hapa pia, mashehe wawili, wamesema hivyohivyo. Nasrine ni dada yangu, na kila siku najifundisha kulitamka neno hilo. Sikuulizi tena kuhusu sheria.

Nakuuliza jambo jingine. Barua ya Mama Verediane ilifika tarehe 16 Januari. Nilirudi kutoka dukani alasiri, nikakuta kikombe chako mezani, chini imebaki sukari ambayo haikuyeyuka. Una kisukari tangu mwaka aliofariki Baba. Kopo la sukari ni la wageni. Nilikuuliza kama tulikuwa na mgeni, ukanijibu: «Ndiyo, alikuja mgeni.» Siku hiyo sikulifikiria.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Mbabazi. Aliniambia alikupa bahasha mlangoni, na kwamba hadi karibu na saa ya kufungwa mpaka alikuwa amekaa na nyanya zake ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu. Hakuona mtu aingiaye.

Ulikaa na barua ile wiki tatu, Mama. Katika wiki hizo uliniacha nipime suti yangu mbele ya kioo. Uliniambia kola imekaa vizuri.

Kwa hiyo nijibu, nawe hujawahi kunidanganya ila mara ile moja. Ulipoisoma barua, ulifurahi?

Mwanao,
Habib Saidi


Gisenyi, 2 Juni 2024

Mwanangu Habib,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Nimeisoma mara nne. Hakuna kosa ndani yake, nami nilitamani liwepo, nianzie hapo.

Nitakueleza kwanza habari za nyumba, kisha nitakujibu. Usidhani nachelewesha. Nachelewesha.

Duka lako nimelifunga na ufunguo ninao. Mvua za mwezi uliopita zimevuja juu ya meza ya kukatia. Nimeifunika kwa turubai. Nimeacha kwenda dirishani saa kumi na moja jioni kukungoja urudi. Wale watoto wanne ninaowafundisha bado wanakuja, na mmoja wao aliniuliza juzi kwa nini nimeacha kuwakemea.

Nasrine huja kila Alhamisi. Alianza mwezi Machi, bila kualikwa. Alisimama mlangoni na ndoo ya sambaza, akasema: «Mama, nimekuletea samaki, iko fresh.» Nilifungua kinywa nimsahihishe, nikakifunga. Nilimwambia aingie. Hukaanga mwenyewe, tunakula, halafu anaosha vyombo na kuvipanga mahali pasipo pake. Huniita Mama kwa sauti kubwa, ili jirani wasikie. Sijui kama ananipenda au ananiadhibu, na sidhani kama yeye anajua. Mara moja alivua viatu, akaniona nikikitazama kisigino chake. Akasema: «Ndiyo, kovu iko pale. Unataka kuhesabu na hii?»

Nilimkataa asiwe mkwe, na sasa siwezi kumfungia mlango, maana ni binti yangu kwa sheria niliyoisimamia mwenyewe. Sweta iko kabatini. Aliiona, akaipima juu ya ngumi yake, akairudisha.

Hajaniuliza uko wapi. Nami sikumwambia.

Sasa jibu lako.

Hakukuja mgeni. Bahasha niliifungua nikiwa nimesimama ukumbini. Niliisoma mpaka pale aliposema siku tatu, mchana na usiku, nikaelewa yote kwa mara moja, maana sheria ile naijua tangu utotoni. Sikuimalizia barua. Nilikwenda jikoni, nikachemsha maji, nikachukua kopo la wageni. Nilitia vijiko viwili. Nilikaa katika kiti cha baba yako, nikanywa yote, taratibu. Nilikuwa nimeshinda, Habib, na sikuwa nimefanya kosa lolote. Binti wa sokoni hangekuja, wala mama yake hangekaa karamuni kwangu na kunicheka, wewe ungebaki, na hakuna ambaye angeweza kunilaumu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Chai ilipokwisha ndipo nikamalizia kuisoma barua, nikafika kwenye sweta, na ndipo nikakuona wewe.

Zile wiki tatu hazikuwa za kutafuta njia ya kuwaponya, ingawa hivyo ndivyo nilivyomwandikia Mama Verediane. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia ambayo usingeiona chai ile usoni mwangu. Yeye aliiona kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa maandishi tu, na mguu wake ndani ya plasta. Nilimjibu kwamba sina la kumjibu.

Hukumu ingekuwa ileile hata kama ningeipokea nikilia. Hilo nimejiambia kila siku, na ni kweli. Lakini nadhani kama ningekuwa nimelia, ungebaki, na tungelia pamoja, na ningekuwa nimempoteza mkwe tu.

Sikuombi urudi. Ukipita pale barazani kwa Bibi, upande wa kushoto wa mlango kuna jina langu, nililichora kwa msumari nikiwa na miaka minane, nikachapwa kwa ajili yake. Kama bado lipo, liache.

Umeuliza kama nilifurahi. Nilifurahi.

Mama yako,
Tausi Mrisho